Uzi: Kuintegreti fankisheni za trigonometria na vinyume vyake bila kukariri orodha ndefu ya kanuni

#1 Kipeuo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma Hisabati ya Juu, wale wa mwaka wa kwanza chuoni, na yeyote aliyewahi kukaa mbele ya integrali (hesabu ya eneo lililo chini ya mchoro, yenye alama ∫) iliyo na sin, cos au kipeuo cha pili asijue aanzie wapi. Darasani somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, lakini nitaandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanafunzi wengi wanaoweza kuandika hatua zote za jibu huku wakishindwa kumweleza mwenzao kwa nini hatua ya kwanza ilikuwa ile na si nyingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga anipinge tangu mwanzo. Mbinu hizi, ambazo vitabu huzigawa katika milango minne au mitano, kwa kiasi kikubwa ni jambo moja: kanuni ya Pythagoras, sin²x + cos²x = 1, pamoja na dada yake, 1 + tan²x = sec²x (sec x ni 1/cos x), ambayo huzaliwa pale unapogawa kila kitu kwa cos²x. Kazi ya mwanafunzi ni kulitazama umbo la swali na kujiuliza ni ipi kati ya hizo mbili inayohitajika. Asiyetazama umbo hulazimika kukariri, na aliyekariri hukwama mara tu mtungaji wa mtihani anapogeuza alama moja.

Tuanze na vipeo vya sin na cos. Chukua ∫ sin³x cos²x dx. Kipeo cha sin ni witiri, kwa hiyo tunaitenga sin x moja na kuiweka kando, kisha sin²x iliyobaki tunaiandika kuwa 1 − cos²x. Sasa swali lote limekuwa la cos, na ile sin x tuliyoiweka kando ndiyo derivativu (yaani kasi ya kubadilika) ya cos, ukiacha alama ya kutoa. Tukiweka u = cos x tunapata −∫ (1 − u²)u² du, yaani −∫ (u² − u⁴) du, na jibu ni −cos³x/3 + cos⁵x/5 + C. Angalia kwamba hatukuhitaji kanuni yoyote mpya. Tulichohitaji ni kipeo kimoja kiwe witiri, ili tupate kitu cha kutenga.

Vipeo vyote viwili vikiwa shufwa, hila hiyo haifanyi kazi, kwa sababu ukitenga sin x moja, sin zinazobaki ni za kipeo witiri na huwezi kuzigeuza kuwa cos bila kuleta kipeuo cha pili. Hapo ndipo tunaposhuka kwenye pembe maradufu: sin²x = (1 − cos 2x)/2 na cos²x = (1 + cos 2x)/2. Kwa hiyo ∫ sin²x dx = x/2 − (sin 2x)/4 + C. Ile x/2 iliyojitokeza peke yake, bila sin wala cos, huwashangaza wengi mara ya kwanza, lakini ina maana iliyo wazi: sin²x haishuki kamwe chini ya sifuri, wastani wake ni nusu, na eneo lililo chini yake lazima liendelee kukua kadiri x inavyokua.

Kwa tan na sec mambo ni yale yale. Kipeo cha sec kikiwa shufwa, tenga sec²x, ambayo ni derivativu ya tan. Kipeo cha tan kikiwa witiri na sec ikiwepo, tenga sec x tan x, ambayo ni derivativu ya sec. Kinachobaki ni kile kisa kigumu cha tan shufwa na sec witiri, nacho nitakirudia baadaye.

#2 MwanaPCM

Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa uzi. Nina swali ambalo limenisumbua. Nilipewa ∫ sin x cos x dx. Mimi niliweka u = sin x nikapata ½ sin²x + C. Rafiki yangu aliweka u = cos x akapata −½ cos²x + C. Kitabu nacho kinaandika −¼ cos 2x + C. Nikiweka x = 0 katika majibu hayo matatu napata 0, −½ na −¼. Inawezekanaje majibu matatu yasiyolingana yote yawe sahihi?

#3 Kipeuo

Marahaba. Swali lako ni zuri, na kulijibu ni kujibu nusu ya malalamiko yote ya aina ya "jibu langu limekataliwa na kitabu".

Majibu hayo matatu yanatofautiana kwa konstanti tu. Toa la rafiki yako katika lako: ½ sin²x + ½ cos²x = ½, kwa kila x. Vivyo hivyo, −¼ cos 2x ni −¼(1 − 2 sin²x), yaani ½ sin²x − ¼. Herufi C si pambo la mwisho wa mstari. Ndiyo inayobeba tofauti hizo zote, na ukiweka mipaka ya chini na ya juu tofauti hiyo hufutika. Njia ya uhakika ya kujua kama jibu lako ni sahihi ni kutafuta derivativu yake na kuona kama unarudi kwenye swali. Kulilinganisha na kitabu herufi kwa herufi hakuthibitishi chochote.

Jambo hilo hilo huonekana kwenye fankisheni kinyume. Vitabu vingi huandika ∫ dx/√(1 − x²) = arcsin x + C (arcsin x ni pembe ambayo sin yake ni x), lakini −arccos x + C nalo ni jibu halali, kwa kuwa arcsin x + arccos x = π/2 daima.

Na hapo tumefika mahali ninapotaka tukae kwa muda: vipeuo vya pili. Tuseme swali lina √(9 − x²). Tatizo lake ni kwamba ndani ya kipeuo kuna tofauti ya vitu viwili, na kipeuo hakigawanyiki juu ya kutoa. Tungependa tofauti hiyo iwe kipeo cha pili cha kitu kimoja ili kipeuo kiondoke. Pythagoras anasema 1 − sin²θ = cos²θ. Kwa hiyo tunaweka x = 3 sin θ, na √(9 − 9 sin²θ) inakuwa 3 cos θ. Sina haja ya kukariri kwamba "umbo hili hutumia sin". Umbo lenyewe limesema. Ingekuwa √(9 + x²), ningetafuta kanuni inayogeuza jumla kuwa kipeo cha pili kimoja, nayo ni 1 + tan²θ = sec²θ, kwa hiyo x = 3 tan θ. Na ikiwa ni √(x² − 9), sec²θ − 1 = tan²θ, hivyo x = 3 sec θ.

Mfano kamili: ∫ dx / (x²√(9 − x²)). Weka x = 3 sin θ, dx = 3 cos θ dθ. Asili inakuwa 9 sin²θ · 3 cos θ; 3 cos θ inafutana na ile ya dx, na tunabaki na (1/9)∫ dθ/sin²θ = −(1/9) cot θ + C, ambapo cot θ ni cos θ/sin θ. Sasa ni lazima turudi kwenye x, kwa sababu hakuna aliyetuuliza habari za θ. Chora pembetatu yenye pembe mraba: sin θ = x/3, kwa hiyo upande ulioelekeana na θ ni x, upande mrefu kuliko yote ni 3, na wa tatu ni √(9 − x²). Hivyo cot θ = √(9 − x²)/x, na jibu ni −√(9 − x²)/(9x) + C.

Tazama jibu hilo: hamna sin, hamna arcsin, hamna pembe. Trigonometria iliingia kama fundi aliyeitwa kuvunja ukuta mmoja, akamaliza kazi na kuondoka na vifaa vyake. Wanafunzi wengi hudhani kwamba wakitumia θ ni lazima jibu la mwisho liwe na arcsin, na wakiliona halina wanaanza kulitilia shaka jibu lililo sahihi.

Angalizo moja ambalo halisemwi vya kutosha darasani: √(cos²θ) si cos θ, ni thamani kamili ya cos θ. Tunaruhusiwa kuiondoa ile alama ya thamani kamili kwa sababu tumekubaliana kimya kimya kwamba θ iko kati ya −π/2 na π/2, eneo ambamo arcsin inaishi na ambamo cos si hasi. Kwa x = 3 sec θ makubaliano hayo huhitaji uangalifu zaidi, maana x iliyo chini ya −3 huiweka θ mahali ambapo tan inaweza kuwa hasi. Hiyo ndiyo sababu vitabu viwili vinaweza kutofautiana juu ya derivativu ya arcsec, kimoja kikiweka thamani kamili na kingine kikiiacha.

#4 Rediani

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, ila naomba niongeze tahadhari kwa upande mwingine. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi, na mara nyingi anayeijua x = a sin θ huitumia hata pale isipohitajika. Mpe ∫ x/√(9 − x²) dx, naye atachora pembetatu na kujaza ukurasa mzima. Hapo juu kuna x, na x hiyo ni derivativu ya 9 − x² ukiacha konstanti. Jibu linatoka kwa mstari mmoja: −√(9 − x²) + C. Kabla ya kuita trigonometria, angalia kwanza kama derivativu ya kilichomo ndani imekaa nje inakusubiri.

Jambo la pili ni asili yenye kipeo cha pili bila kipeuo. Linganisha integrali hizi tatu:

∫ dx/(x² + 4x + 3)
∫ dx/(x² + 4x + 4)
∫ dx/(x² + 4x + 13)

Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, kwani kinachotofautiana ni namba ya mwisho tu. Ya kwanza, asili yake ni (x + 1)(x + 3), kwa hiyo unaitenganisha kuwa sehemu mbili na jibu ni ½ ln|(x + 1)/(x + 3)| + C, ambapo ln ni logi asilia. Ya pili ni (x + 2)² kamili, na jibu ni −1/(x + 2) + C. Ya tatu haigawanyiki kwa namba halisi; ukiukamilisha mraba unapata (x + 2)² + 9, ambayo ni jumla, na jumla inaita tan: jibu ni ⅓ arctan((x + 2)/3) + C. Kinachoamua ni b² − 4ac ya asili iliyo ax² + bx + c, kitu kile kile tulichokutana nacho kwenye milinganyo ya kipeo cha pili: kikiwa chanya unapata logi, kikiwa sifuri unapata sehemu ya kawaida, kikiwa hasi unapata arctan. Nimeshangaa mara nyingi kwamba watu husoma mada hizo mbili miaka tofauti na hakuna anayewaambia kwamba ni mada moja.

Na kama kiasi kina x, kigawe mara mbili kabla ya kufanya lolote. Kwa ∫ (2x + 7)/(x² + 4x + 13) dx, andika 2x + 7 kuwa (2x + 4) + 3. Fungu la kwanza ni derivativu ya asili na linatoa logi. La pili ni lile tuliloliona sasa hivi, mara tatu. Jibu: ln(x² + 4x + 13) + arctan((x + 2)/3) + C. Logi na arctan zikiwa pamoja katika jibu moja si dalili ya kosa.

#5 MpimaRamani

Mimi si mwalimu, kazi yangu ni ya ramani na upimaji, lakini Kipeuo ametaja kisa kigumu cha sec na nimeona nichangie, kwa kuwa integrali ya sec x ilihitajika na mabaharia kabla haijahitajika na wanafunzi.

Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichapisha ramani ya dunia ambayo juu yake safari ya kufuata mwelekeo mmoja wa dira huonekana kama mstari ulionyooka. Ili hilo liwezekane, kila mahali kwenye latitudo φ ramani lazima ivutwe kwa kiasi cha sec φ kuelekea mashariki na magharibi, na pia ivutwe kwa kiasi hicho hicho kuelekea kaskazini na kusini, vinginevyo pembe zitaharibika. Kwa hiyo umbali kwenye karatasi kutoka ikweta hadi latitudo φ ni jumla ya sec zote zilizopo njiani, yaani ∫ sec φ dφ. Mwingereza Edward Wright alichapisha mwaka 1599 jedwali la jumla hizo, akizijumlisha kwa mkono kidogo kidogo. Miaka ya 1640 Henry Bond aliliweka jedwali hilo kando ya jedwali la logi za tanjenti, akaona kwamba namba zinafanana, na akakisia kwamba jibu ni logi ya tan(45° + φ/2). Hakuna aliyeweza kuthibitisha hadi James Gregory mwaka 1668, na uthibitisho wake ulikuwa mgumu kusomeka. Isaac Barrow akatoa ulio rahisi zaidi mwaka 1670. Yote hayo yalitokea kabla Leibniz hajachapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi mwaka 1684.

Njia ya Barrow, kwa lugha ya leo, ndiyo ninayopenda kuwaonyesha vijana kazini. Andika sec x kuwa cos x/cos²x, yaani cos x/(1 − sin²x). Weka u = sin x. Sasa una ∫ du/(1 − u²), ambayo hutengana kuwa sehemu mbili, na jibu ni ½ ln((1 + sin x)/(1 − sin x)) + C. Ukizidisha juu na chini kwa 1 + sin x utapata ln|sec x + tan x| ya vitabuni. Ile hila ya vitabu ya kuzidisha sec x kwa (sec x + tan x)/(sec x + tan x) ni sahihi, lakini haimfundishi mtu chochote, kwa sababu inamtaka alijue jibu kabla ya kulitafuta.

Kwa faida ya wanaojiuliza matokeo yake ni nini: Zanzibar iko karibu na latitudo 6 kusini, na sec 6° ni kama 1.0055, hivyo ramani ya Mercator haiivuti hata kwa asilimia moja. Kwenye latitudo 60, sec ni 2 kamili, kwa hiyo maeneo huonekana makubwa mara nne. Ndiyo maana Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara kumi na nne.

#6 Kipeuo

Ahsante sana MpimaRamani. Kwa kuwa ameimaliza sec x, naweza kulipa deni langu la sec³x, ambayo hujitokeza kila unapotafuta ∫ √(x² + 1) dx kwa x = tan θ. Hapa tunaintegreti kwa vipande, ile kanuni ya ∫ u dv = uv − ∫ v du. Chukua u = sec θ na dv = sec²θ dθ. Unapata sec θ tan θ − ∫ sec θ tan²θ dθ. Badili tan²θ kuwa sec²θ − 1, na integrali uliyoanza nayo itarudi upande wa kulia ikiwa na alama ya kutoa. Usiogope wala usianze upya; iite I, ivushe upande wa kushoto, na utakuwa na 2I = sec θ tan θ + ln|sec θ + tan θ|. Gawa kwa mbili, ongeza C, umemaliza.

Vipande ndivyo pia vinavyotupatia integrali za fankisheni kinyume zenyewe. Hatujui fankisheni ambayo derivativu yake ni arctan x, lakini derivativu ya arctan x tunaijua vizuri, nayo ni 1/(1 + x²), haina trigonometria hata chembe. Basi tunachagua u = arctan x na dv = dx, na ∫ arctan x dx = x arctan x − ½ ln(1 + x²) + C. Kwa ∫ x arctan x dx wengi huchukua v = x²/2 kisha wakalazimika kugawa x² kwa 1 + x². Jaribu v = (x² + 1)/2 badala yake. Derivativu yake ni x vile vile, maana konstanti ya v tuna uhuru wa kuichagua, na sasa v × 1/(1 + x²) ni nusu tu. Jibu linadondoka lenyewe: ½(x² + 1) arctan x − x/2 + C.

#7 MwanaPCM

Mwalimu, hilo la kuchagua konstanti ya v sikuwahi kuambiwa. Nina jambo jingine. Nilitafuta ∫ dx/(1 + x²) kuanzia 0 hadi 1 nikapata arctan 1, kikokotoo kikanipa 45. Lakini 1/(1 + x²) haizidi 1 katika eneo hilo, kwa hiyo eneo haliwezi kuwa 45. Kosa liko wapi?

#8 Rediani

Hukukosea katika kuintegreti, na umefanya jambo la maana sana kulipima jibu kwa ukubwa wake kabla ya kuliamini. Kikokotoo chako kiko kwenye nyuzi. Kanuni zote za kalkulasi za trigonometria, kuanzia ile isemayo kwamba derivativu ya sin x ni cos x, ni za kweli kwa rediani tu. Kwa nyuzi kila moja ingebeba π/180 mgongoni. Kigeuze kwenye rediani utaona 0.7854, ambayo ni π/4.

Na kwa kuwa umeifikia π/4, nikuonyeshe integrali moja ambayo kila aliyepita shule ya msingi anastahili kuiona. Sote tulifundishwa kutumia 22/7 mahali pa π kwenye maeneo ya duara. Je, 22/7 ni kubwa kuliko π au ndogo? Chukua ∫ x⁴(1 − x)⁴/(1 + x²) dx kuanzia 0 hadi 1. Fungua mabano ya kiasi, kisha gawa kwa 1 + x². Utapata x⁶ − 4x⁵ + 5x⁴ − 4x² + 4 − 4/(1 + x²). Integreti kipande kwa kipande: 1/7 − 2/3 + 1 − 4/3 + 4 − π, yaani 22/7 − π. Lakini tuliyoiintegreti ni chanya kila mahali kati ya 0 na 1, kwa hiyo 22/7 ni kubwa kuliko π, bila kuhitaji desimali hata moja. Tena, kwa kuwa 1 + x² iko kati ya 1 na 2, na ∫ x⁴(1 − x)⁴ dx kutoka 0 hadi 1 ni 1/630, tofauti hiyo lazima iwe kati ya 1/1260 na 1/630. Kwa kuhesabu eneo la shamba la duara, kosa dogo kiasi hicho halimdhuru mtu.

#9 Msikitiko

Nimesoma uzi wote na nakiri umeandikwa kwa utulivu, ila sikubaliani na mwanzisha uzi juu ya kukariri. Ndani ya chumba cha mtihani hakuna muda wa kutazama "umbo". Ipo mbinu moja inayomaliza kila kitu: weka t = tan(x/2), halafu sin x = 2t/(1 + t²), cos x = (1 − t²)/(1 + t²), dx = 2 dt/(1 + t²). Swali lolote la sehemu yenye sin na cos linageuka kuwa la t peke yake. Kwa nini tusiwafundishe vijana hiyo moja tukaachana na nyingine?

#10 Kipeuo

Ndugu Msikitiko, pingamizi lako lina uzito na silikwepi. Ni kweli kwamba t = tan(x/2) hugeuza kila sehemu iliyojengwa kwa sin na cos kuwa sehemu ya kawaida ya t, na mwanahisabati Euler aliitumia katika karne ya 18. Yapo maswali ambayo nami nisingetumia kitu kingine. Chukua ∫ dx/(5 + 4 cos x). Asili inakuwa (9 + t²)/(1 + t²), ile 1 + t² inafutana na ya dx, na tunabaki na ∫ 2 dt/(9 + t²) = ⅔ arctan(t/3) + C, yaani ⅔ arctan(⅓ tan(x/2)) + C. Kazi safi.

Lakini jaribu kuitumia kwa ∫ sin³x cos²x dx niliyoanza nayo. Utapata asili yenye (1 + t²) kwa kipeo cha 6, na dakika unazodai kuziokoa zitaishia hapo. Mbinu inayofaa kila swali huwa ndefu mno kwa maswali mepesi, na maswali mepesi ndiyo mengi.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo inamhusu hasa yule asiyetazama. Mwambie mwanafunzi aintegreti 1/(5 + 4 cos x) kuanzia 0 hadi 2π. Atachukua jibu hilo safi, aweke x = 2π apate tan π = 0, aweke x = 0 apate 0, na aandike kwamba integrali ni sifuri. Hilo haliwezekani, kwa kuwa 5 + 4 cos x haishuki chini ya 1 wala haipandi juu ya 9, hivyo tunachointegreti hakiwi chini ya 1/9 popote, na eneo lote haliwezi kuwa chini ya 2π/9. Kilichotokea ni kwamba tan(x/2) hukatika pale x inapofika π, ikipanda bila kikomo upande mmoja na kuanzia chini kabisa upande wa pili, na fankisheni iliyokatika katikati ya njia hairuhusiwi kupewa mipaka ya mwanzo na mwisho kana kwamba njia ni moja.

Kulirekebisha ni rahisi kwa aliyeona. Cos x ina ulinganifu kuizunguka π, kwa hiyo eneo kutoka 0 hadi 2π ni mara mbili ya lile la kutoka 0 hadi π. Kadiri x inavyokaribia π kutoka chini, t hukua bila kikomo na arctan(t/3) hukaribia π/2. Nusu ya kwanza ni ⅔ × π/2 = π/3, na yote ni 2π/3. Iweke kwenye kikokotoo chenye uwezo wa kuintegreti, kikiwa kwenye rediani kama Rediani alivyosema, na kitakupa 2.094.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba t ifundishwe, na ifundishwe mapema, ila mwanafunzi aelezwe siku hiyo hiyo kwamba ikiwa x = π imo katikati ya mipaka aliyopewa, integrali igawanywe mara mbili hapo kabla ya kuweka namba yoyote.